Mti wa Jua Katika Ukumbi wa Ndaweni

Hapo zamani, zamani ya watu wenye majivuno na kazi za kujivunia, palikuwa na mji wa mawe ulioitwa Ndaweni. Nasema mapema, msinikatize. Kisa hiki kina mlango mmoja, mafundi watatu na swali moja, na hilo swali ni lenu. Mie nimekwisha kulijibu kitambo na siwaambii.

Ndaweni walikuwa na ada yao. Kila jengo kubwa lilikuwa na jina juu ya mlango, limechongwa kwenye ubao wa juu, jina la mtu mmoja tu. Halikuwa jina la aliyetoa mali, wala la anayelala ndani. Lilikuwa jina la yule ambaye bila yeye jengo hilo lisingekuwa lilivyo. Mlango mmoja, jina moja. Na ukoo wa mwenye jina ndio ulioingia wa kwanza kwa mlango huo kila sikukuu, mpaka mawe yaanguke. Ndaweni walisema, asiye na jina juu ya mlango hufa mara moja kama kuku. Mwenye jina hufa kidogo tu.

Basi Mwana Shufaa, mwanamke aliyetawala mji huo, akajenga ukumbi. Hatua ishirini kwa urefu, boriti za mkoko, chokaa imesuguliwa mpaka ukuta unang'aa kama ganda la yai. Siku ya Idi Kubwa akawaalika jirani zake wa Utukuni, ng'ambo ya maji, waje saa tatu asubuhi, watu wakishatoka kuswali, waje waone.

Wakaja. Wakaketi. Hawakuona kitu, maana ndani mlikuwa giza.

Dirisha la ukumbi lilitazama magharibi, kwenye kichochoro, na asubuhi jua liko mgongoni mwa nyumba. Wajenzi walilijua hilo. Waliogopa kumwambia Mwana, na Mwana hakuuliza. Ndivyo wakubwa wanavyojengewa nyumba mbovu.

Mkuu wa wageni alikuwa Bwana Shambe wa Utukuni, mtu mwenye kilemba kikubwa kuliko kilichomo ndani yake. Akapapasa ukuta kwa kiganja, akasema, "Hongereni, jirani. Kaburi zuri. Maiti yuko wapi?"

Utukuni wakacheka mpaka wakamwaga kahawa. Wao ukumbi wao ulipakwa rangi ya dhahabu na samawati, kila mgeni aliuona hata kama hakutaka.

Mwana Shufaa hakucheka wala hakulia. Alingoja wageni watoke, akawaambia watu wake, "Ukuta ule wa ndani nataka pambo. Lisipakwe rangi, Utukuni wanapaka rangi. Lisiwe la taa, taa kila mtu anazo. Na lionekane saa tatu asubuhi, siku ya Idi, mbele ya macho ya Shambe. Atakayeliweka, jina lake litakaa juu ya mlango huu."

Mtu akauliza, "Na wakiwa wawili, Mwana?"

"Mlango mmoja, jina moja."

Wa kwanza kusimama alikuwa Shee Kupi, mchonga milango. Mkono wake ulijulikana kuliko uso wake. Alikuwa amechonga milango thelathini na tisa ya Ndaweni na majina thelathini na tisa juu yake, yote ya watu wengine. Alisema, "Mji mzima nimeuandika mimi, na mimi mwenyewe sijaandikwa. Hili pambo nitalichora kwa jua. Tundu ndiyo kalamu, jua ndiyo wino."

Akachukua ubao mpana wa msaji wa kuziba dirisha zima, akautoboa nyota. Nyota mia tatu, kila nyota na pembe nane, kila pembe kali ya kukata uzi. Miezi mitatu alichonga. Akautundika dirishani. Ukutani, kimya. Jua liko upande wa pili wa nyumba, Shee Kupi amesahau kuliuliza linapita wapi.

Hapo ndipo alipokuja Msellem, mfua shaba. Huyu aliletwa Ndaweni akiwa mchanga, hajulikani wa nani, akalelewa kwenye karakana ya masinia. Alikuwa fundi asiyepitwa, lakini kila akitaja jina lake watu waliuliza, "Msellem wa nani?" kisha wakacheka kana kwamba swali hilo ni jipya.

Msellem akapanda dari, paa bapa la nyumba ya ng'ambo ya kichochoro, sinia kubwa la shaba kifuani, akalielekeza mashariki, akalipinda kidogo. Jua likagonga sinia, likaruka kichochoro, likapiga dirisha.

Akapiga kelele toka juu, "Bwana Shee! Jua halikukataa kuingia, lilikosa wa kulionyesha njia!"

Shee Kupi akakimbilia ndani kuona nyota zake. Hakukuta nyota. Ukutani palikuwa na miduara mia tatu, mviringo mtupu, imetawanyika kama mikate ya mofa juu ya mkeka.

Watu wakaja kutazama. "Nyota za Shee Kupi zimeiva," wakasema. "Leteni asali tule."

Mzee akarudi kwenye ubao, akatia kidole tunduni. Pembe nane zipo. Akatazama ukutani, mkate. Akatoboa pembe tatu: mkate. Akatoboa mraba: mkate. Akatoboa mwezi mwembamba: mkate uliochoka. Alitupa patasi, akaenda nyumbani, akalala siku tatu hasemi na mtu. Mkewe alisema hajapata kupumzika vile tangu aolewe.

Siku ya nne Msellem akamfuata. "Bwana Shee, nimekaa na ule ukuta. Ile miduara si tundu zako. Ni jua. Kila tundu, liwe na pembe ngapi, linaingiza jua zima, na jua ni duara. Kule mbali ukutani jua linajichora lenyewe, halisikii la mtu."

Mzee akaketi kitandani. "Ala! Kumbe nilikuwa nagombana na mwenye wino." Akavaa kanzu. "Vyema. Kama jua linajua kuchora duara tu, nitampa kazi ya miduara. Mimi nitapanga."

Akachonga upya. Safari hii alichora mti wa asumini, na kila duara likawa tumba la ua ambalo halijafunguka. Tundu kubwa kwa maua ya karibu, ndogo kwa ya mbali, zilizosongamana kwa shina, zilizotengana kwa maua yanayoanguka. Tundu mia sita na ishirini. Hakuna mchonga nakshi aliyepata kuchonga kitu kisichokuwapo kwenye ubao na kikawapo ukutani, ila yeye.

Naye Msellem hakukaa bure. Sinia la nyundo lina mawimbi, na mawimbi hutapanya jua. Akalilaza juu ya jiwe, akalisugua kwa mchanga na maji, kisha majivu na ndimu, miezi miwili, mpaka likawa bapa kama maji ya kisima. Ukijitazama humo ulijiona mwekundu na mzuri kuliko ulivyo.

Hata hivyo jua haliketi. Kabla hujamaliza kikombe cha kahawa, mti mzima ulikuwa umeteleza ukutani na kutokomea kwenye kona. Msellem akalifunga sinia kwenye mhimili, akafunga jiwe la kulivuta, na jiwe akaliweka juu ya ubao unaoelea ndani ya mtungi wa maji wenye tundu chini. Maji yakidondoka, jiwe linashuka. Jiwe likishuka, sinia linageuka. Mara ya kwanza mti ulikimbia upande wa pili. Akakaa, akapima kwa vidole mbinguni na vidole kwenye sinia, akaona kosa: jua likienda vidole viwili, sinia liende kimoja tu. Ukilipeleka sawasawa na jua, umelizidi. Akapunguza tundu la mtungi. Mti ukasimama.

Idi ya pili ikafika. Hawakualika mtu. Saa tatu barabara wanaume wanne walilishika sinia kwa kamba, Msellem akiwafokea, "Juu kidogo! Wewe, usipumue!" mpaka mti ukaketi katikati ya ukuta. Akachomeka kijiti kando ya sinia kuonyesha jua lilipo, akakipaka mkaa. "Hapa hapa," akasema. "Mwakani, Idi, saa tatu, hapa hapa."

Wote wakasema, hapa hapa. Mwana Shufaa akasema hapa hapa. Mji mzima, na maalimu wake na vitabu vyao, hakuna aliyesema vinginevyo.

Sasa, kitu kizito juu ya dari hakifungwi kwa kamba. Hujengewa kwa chokaa, na chokaa ya Ndaweni ilikuwa na mwiko wake: hufunikwa magunia yaliyoloa, na haifunuliwi kabla ya siku arubaini, la sivyo hupasuka. Kwa hiyo siku arubaini kabla ya Idi ya tatu wakaelekeza sinia kwa kile kijiti cha mkaa, wakamwaga chokaa kwenye mguu wa mhimili, wakafunika chokaa na sinia pamoja. Utukuni wakaalikwa.

Wakaja. Wakaketi. Bwana Shambe akapewa mahali pa heshima chini ya ukuta, kando kidogo, asizuie pambo. Saa tatu Msellem akavuta magunia.

Mti ukaingia. Haukupanda ukutani. Uliangukia kando, dhiraa mbili chini, mzima mzima juu ya Bwana Shambe. Kilemba kikajaa madoa, ndevu zikajaa madoa, pua ikapata doa lake. Akafumba jicho moja, akauliza, "Nini hiki?"

Mtoto mmoja akajibu, "Chui!"

Utukuni hawakucheka, maana chui alikuwa wao. Ndaweni hawakucheka, maana aibu ilikuwa yao. Shambe akasimama, akajipangusa mwanga kama mtu anayejipangusa unga. "Mara ya kwanza mlitukalisha kaburini. Mara ya pili mmenifanya mnyama. Ya tatu sijui, lakini nitakuja. Siwezi kuikosa."

Baada ya siku mbili, Mwana Shufaa ameketi na maalimu na mafundi wake, mwanamke akafika langoni. Somoe binti Famau, mjane, mkulima wa mtama nje ya mji. Watu wa shamba hawakuruhusiwa kuketi ukumbini. Walileta chakula mlangoni na kurudi. Akasema na Mwana akiwa amesimama, kapu kichwani.

"Mwana, sikukuu yenu hufuata mwezi. Mwezi una haraka. Kila mwaka huifikisha Idi siku kumi na moja mapema. Jua lina mwendo wake wala haliufuati mwezi. Idi ya mwaka jana ililikuta jua lilipo kijiti. Ya mwaka huu imefika, jua bado liko njiani."

Maalimu wakatazamana. Kila mmoja alilijua hilo. Kila mmoja alijua kwamba Ramadhani huhama, mwaka huu mavunoni, mwaka mwingine mvuani. Lakini hakuna aliyewahi kulichukua jambo hilo kutoka kitabuni na kulipandisha darini.

"Wewe umelijuaje?" akauliza Mwana.

"Mtama hauli Idi. Sisi tunahesabu miongo, siku kumi kumi, tangu siku ya Mwaka, mwaka wa jua. Nina kibuyu cha kokoto na nina mti nimeuchomeka shambani. Kila mwongo naweka jiwe penye ncha ya kivuli chake. Mama yangu aliweka, bibi yangu aliweka. Mawe yale yanajua jua litalala wapi kabla halijatoka."

Shee Kupi, ambaye tangu Idi alikuwa hatoki nje mchana ila akiitwa na Mwana, akaropoka, "Na wakati tunamwaga chokaa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nikipita na kapu langu. Nikaona kijiti, nikajua mmekosa. Nikamwambia mlinzi wa mlango wa ukumbi, 'Mwanangu, waambie wamelikosea jua.' Akaniambia, 'Mama, nenda kauze mtama.' Nikaenda nikauza mtama."

"Ungepiga kelele!"

"Kwani nyumba ilikuwa ikiungua?"

Mwana Shufaa akazuia tabasamu. Akamwambia Msellem abomoe chokaa.

Siku arubaini kabla ya Idi ya nne, Somoe akapanda dari. Alikuwa amepima shambani kwa kamba na mafundo, akachomeka kijiti kipya kikielekea mahali mbinguni ambapo hapakuwa na kitu, hata ndege.

"Siku ya Idi, saa tatu, jua litakuwa pale."

Msellem akatazama pale. "Bibi Somoe, mimi ni mfua shaba. Naamini kinacholia nikikigonga. Hapo pana nini cha kugonga?"

"Umekula mtama wangu miaka mingapi?"

"Yote."

"Mtama huo uliwahi kuchelewa mvua?"

Msellem akamwaga chokaa. Alilielekeza sinia kwenye mbingu tupu kwa neno la mwanamke aliyefukuzwa mlangoni, akafunika magunia, akakaa siku arubaini bila kulala sawasawa. Hilo nalo ni kazi, msilisahau mtakapokuwa mkipima.

Utukuni wakaja. Mitumbwi miwili haikutosha, safari hii walikuja na wake zao. Bwana Shambe akakagua sakafu, akachagua mkeka wa mbali kabisa na ukuta. Saa tatu. Msellem akavuta magunia, akazibua mtungi.

Jamani. Ukuta mweupe wa Ndaweni ukaota mti. Shina limeshikamana, matawi yamejaa matumba, na mamia ya maua mekundu ya dhahabu yanaanguka na hayafiki chini. Kila ua ni jua zima. Majua mia sita na ishirini yameketi ndani ya nyumba, hayachomi mtu. Na hayakwenda! Imamu akasoma dua, hayakwenda. Kahawa ikazunguka, hayakwenda. Juu ya dari maji yalikuwa yakidondoka, tone kwa tone, na sinia likilifuata jua polepole.

Bwana Shambe akainuka kwenye mkeka wake. Akaenda hadi ukutani, akaweka kiganja. Ua likahamia mgongoni mwa mkono wake. Akaondoa mkono, akautazama, akausugua kwa kidole.

"Rangi gani hii isiyoshika?" akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Sisi tumepaka dhahabu mwaka wa tisa huu, na kila mwaka tunapaka tena."

Ndaweni waliinua vichwa siku ile, na mpaka leo wengine hawajavishusha.

Basi likabaki jina. Na ada ilisema, jina likishaahidiwa, huchongwa wageni wakiwa ndani. Hatoki mtu chini ya ubao mtupu. Watu wote wakageukia mlango. Mwana Shufaa akaleta patasi, akamkabidhi Shee Kupi, kwa sababu hakuna mwingine Ndaweni wa kuchonga jina.

Mzee akaipokea. Akaipima mkononi. "Mwana, niliapa. Majina thelathini na tisa ya watu nimechonga. Juu ya mlango huu nitachonga langu au sichongi. Uliomba pambo. Msellem ana sinia, kila mpishi ana sinia. Bibi Somoe ana kijiti. Nani aliuona mti kabla haujawapo? Nilichekwa kwa mikate, nikaifanya mikate kuwa maua."

Msellem, aliyekwisha kushuka darini, akasema toka mlangoni, mikono imejaa majivu, "Ubao wako, Bwana Shee, ukiuondolea sinia langu ni chekeche lililotundikwa gizani. Nani alileta jua? Nani alikwambia mikate ni jua? Nani alilisimamisha lisikimbie? Chonga jina lako, nami nabeba sinia langu nakwenda. Watu wameniuliza miaka yote, Msellem wa nani. Nataka niwajibu: wa mlango huu."

Somoe alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mahali pa watu wa shamba. Hakuingia.

"Bila mimi mna chui," akasema. "Mwakani Idi itarudi nyuma siku nyingine kumi na moja. Hesabu ninayo mimi. Ukoo wangu umelisha mji huu kwa mlango wa nyuma. Jina langu likiwa juu, tutaingia kwa mbele, wa kwanza. Lisipokuwa juu, nitarudi shambani na kokoto zangu."

"Ulijua ukanyamaza siku arubaini nzima!" Shee Kupi akapaza sauti. "Ungetuacha tuaibike!"

"Niliwaacha msikie mlivyonifundisha kunyamaza."

Mtu akapendekeza majina yote matatu. Mwana Shufaa akasema, "Mlango mmoja, jina moja." Mwingine, mwerevu wa bure, akapendekeza liandikwe Jua. Mwana akamwambia, "Jua lina milango yote. Keti."

Hapo Bwana Shambe akakohoa. "Kwa ada yenu," akasema, "ni yule ambaye bila yeye jengo lisingekuwa lilivyo. Nisingewacheka, mngekuwa mmekaa kaburini mpaka leo mkijisifu. Silitaki jina. Nasema tu."

Nyumba nzima ikamzomea. Lakini nimesikia kwamba Mwana Shufaa hakuzomea.

Wageni wamesimama, hawawezi kutoka. Somoe yuko nje ya kizingiti, Msellem ana kamba ya sinia mkononi, Shee Kupi ameirudisha patasi mapajani mwa Mwana. Na juu ya dari mtungi umebakiza maji kidogo. Yakiisha, mti utaanza kuteleza ukutani kuelekea kona.

Haya, nyie mliokula halua yangu mkatikisa vichwa. Patasi ni yenu. Mlango mmoja, jina moja: je, mnamwandika nani, na waliobaki mnawaambia nini wakitoka chini ya jina hilo?